Kiwanda cha korosho hufia ghalani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila msimu wa korosho ukikaribia swali hurudi lilelile: kwa nini Mtwara na Lindi zinavuna, halafu Vietnam na India ndizo zinazobangua? Wengi hujibu kwamba tulete mashine za kisasa, wengine kwamba tupige marufuku kusafirisha korosho ghafi. Majibu yote mawili yanapita pembeni ya tatizo. Kiwanda chetu kinakufa wakati wa kununua ghafi, kabla mashine haijawashwa.

Tuangalie kalenda. Kusini mwa Tanzania korosho huingia ghalani kuanzia Oktoba hadi Januari hivi. Côte d'Ivoire, Ghana, Benin na Guinea-Bissau huvuna kati ya Februari na Juni, na India, Vietnam na Cambodia ni karibu miezi hiyohiyo. Ghafi yetu inatua sokoni wakati maghala ya Asia yamepungua, ndiyo maana inagombewa mnadani. Hiyo ni neema ya mkulima na asinyang'anywe. Lakini mbanguaji wa Vietnam ananunua kwetu mwisho wa mwaka, ananunua Afrika Magharibi na Cambodia katikati ya mwaka, na ghala lake linabeba mzigo wa miezi michache tu. Mbanguaji wa Masasi au Newala ana msimu mmoja. Asiponunua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, ifikapo Mei wafanyakazi wanarudi nyumbani.

Tupige hesabu kwa mfano. Kiwanda cha kubangua tani 5,000 kwa mwaka, bei ya mnada ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, kinahitaji shilingi bilioni 15 mkononi kabla ya Januari. Mzigo unapungua kidogo kidogo hadi msimu ujao, kwa hiyo wastani wa deni kwa mwaka ni bilioni 7.5. Kwa riba ya asilimia 15, hiyo ni bilioni 1.125, sawa na shilingi 225 juu ya kila kilo ya ghafi. Na kwa kuwa kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa na kumenywa, hutoka katika kilo 4 hadi 5 za ghafi, riba peke yake inaongeza kama shilingi 1,000 kwa kila kilo inayouzwa. Mshindani wa Asia mwenye mzigo wa miezi mitatu halipi hata nusu yake. Na bei ya dunia ikishuka mwezi Aprili, mbanguaji wetu bado amekalia ghafi aliyoinunua kwa bei ya Novemba.

Kuna na hasara isiyoonekana kwenye vitabu vya benki. Ghafi ya kukaa mwaka lazima iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 10; korosho iliyokauka sawasawa ukiitikisa kiganjani inagonga ndani ya ganda. Mkulima anayeharakishwa na deni la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, au aliyekwisha kumegewa na mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo anayenunua nje ya mfumo rasmi, huipeleka mbichi. Iliyo mbichi ikipangwa gunia juu ya gunia bila chaga chini wala njia ya hewa katikati, inapata joto, na baada ya miezi michache karanga zina madoa ya kahawia. Kipimo cha mnada hakikuonyesha hayo. Sampuli ya kilo moja ilipasuliwa kwa kisu mwezi Oktoba, ikatoa gramu 280 za karanga nzuri zikiwa bado na ganda jembamba, ikaandikwa ratili 49 za karanga, yaani kilo 22 hivi, kwa gunia la kilo 80, daraja la kwanza bila ubishi. Mwezi Juni gunia hilohilo halina tena ratili hizo.

Kiwandani nako ghafi mbaya haifichiki. Korosho hupikwa kwa mvuke, hupozwa karibu usiku kucha, ndipo hubanguliwa. Ikiharakishwa kupozwa, karanga inashikamana na ganda na kuvunjika. Ikipikwa kupita kiasi, mafuta makali ya ganda, yale yanayochubua mikono ya wabanguaji, yanapenya ndani na kuibadili rangi. Baada ya karanga kukaushwa tanurini, akina mama wanaomenya ganda jembamba hulipwa kwa kilo. Karanga isiyokauka vizuri haiachii ganda, kisu kinaikata, na nzima inageuka vipande. Nzima zinazoingia kama 320 katika ratili moja zina soko la kimataifa wakati wowote. Vipande huuzwa kwa bei ya chini sana, na mama yule amepoteza muda na ujira.

Historia inatuonya kuhusu mashine bila ghafi. Uvunaji wetu ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Viwanda vikubwa vilijengwa kwa mikopo ya nje, ukiwemo wa Benki ya Dunia, lakini vijiji vilikuwa vimehamishwa mbali na mikorosho, bei ilikuwa duni na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulikuwa umeingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Majengo yakaishia kuwa maghala. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilipunguza ushuru wa kusafirisha ghafi nje miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Baadaye ikaupandisha tena. Ushuru unasaidia, lakini haumpi mbanguaji fedha za Novemba.

Ninachopendekeza kinafanyika ndani ya mfumo wa stakabadhi ghalani tulionao tangu 2007, ambamo korosho huwekwa ghala kuu, hutolewa stakabadhi ya mzigo, kisha huuzwa mnadani. Mbanguaji wa ndani atengewe mzigo kwa bei ya wastani wa minada ya wiki iliyopita, ili mkulima asipoteze hata shilingi. Benki imlipe mkulima mara moja na kushika stakabadhi. Ghafi ibaki ghala kuu chini ya mwendesha ghala, na mbanguaji aikomboe kwa mafungu. Dhamana ikiwa mzigo wenyewe, na sehemu ya ushuru wa ghafi ikifidia riba hadi ibaki asilimia 7, ile shilingi 1,000 inashuka hadi 470 hivi.

Pawe na kufuli moja, maana wapo watakaochukua mzigo wa upendeleo na kuupakia melini ukiwa ghafi. Kwa kila tani 100 zilizotolewa, fungu linalofuata lisifunguliwe mpaka zionekane tani 22 za karanga, nzima na vipande pamoja. Na gunia lipimwe unyevu wakati wa kupokelewa na tena kila mwezi, matokeo yabandikwe ukutani ghalani ambako mkulima, mbanguaji na afisa wa benki wote watayasoma.

Mwongozo wa mauzo hutolewa kabla ya mnada wa kwanza. Kifungu hiki kiingizwe humo sasa, kwa sababu benki ikisikia habari hii Novemba, ghafi itakuwa imeshapakiwa.

Mdau wa korosho,
Masasi