Kwako mdogo wangu unayesema huna kazi

Mdogo wangu mpendwa,

Siku ya Idi shangazi alikuuliza unafanya nini siku hizi, ukamjibu, "Nipo tu shangazi, natafuta kazi." Nilinyamaza kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Leo naandika, tena hadharani, maana wenzako wenye jibu hilo ni wengi.

Wiki moja kabla nilikuwa nimepita hapo stesheneri kwako kutoa kopi, nikakaa kwenye benchi nakutazama. Alikuja kijana umfungulie akaunti ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali. Ulimwomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ukachukua cheti chake cha kidato cha nne ukakilaza kando ya cheti cha kuzaliwa, ukamwonyesha kwa ncha ya kalamu: huku Mohamed, huku Mohammed. "Nenda kwa wakili ukale kiapo kwanza, ndiyo urudi tumalizie." Ukamwambia pia asihangaike na matokeo ya muda, Sekretarieti ya Ajira inataka cheti chenyewe. Yule kijana angekatwa jina bila kujua kosa lake. Ahsante kwa niaba yake, maana sidhani kama alikumbuka kukushukuru.

Hiyo ni kazi, mdogo wangu. Najua hukusoma uhasibu ili ukae nyuma ya mashine ya kopi. Najua umekwenda Dodoma mara mbili kwenye usaili wa mchujo, na mara zote mbili hukuitwa kwenye mahojiano. Inauma, na uendelee kuomba. Ila ukiiona hii si kazi, mwenye duka naye ataiona hivyo hivyo.

Una mkataba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Wewe unafungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita. Hesabu unaiweza kunishinda. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya 10; inayobaki ni ya mwajiri.

Hili la NSSF nalisema kwa uchungu. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata kila mwezi kwa miaka mitatu. Nilipokuja kuomba taarifa ya michango, nilikuta imeingia miezi saba. Nilikaa kwenye ngazi za jengo la NSSF nikihesabu miezi kwa vidole, narudia, nadhani nimekosea. Sikuwahi kuuliza mapema kwa sababu nilijiona nimefadhiliwa kupewa nafasi. Usikae miaka mitatu kama mimi. Uliza mwezi huu, kwa adabu, lakini uliza.

Halafu CV yako imeishia siku ya mahafali. Kila jioni unafunga hesabu za duka: keshi, pesa za simu, wino, hadi karatasi zilizoharibika. Hilo nalo mbona hukuliandika? Kuna mwajiri anayetafuta mtu wa namna hiyo.

Jumamosi nakuja ukishafunga duka. Lete lile daftari la bluu tuiandike CV upya. Shangazi nimeshamwambia unapofanya kazi. Atakuja na hati yake ya kiwanja umtolee kopi.

Dada yako.