Barua kwa fundi Haji

Berlin

Ndugu yangu Haji,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea, na natumai wewe, mama Saidi na watoto nyote hamjambo. Saidi aliniuliza kwenye simu gemu zilianzia nchi gani, nikamwahidi kuandika, maana jibu la haraka lingempunja. Msomee, ila sehemu kubwa ya barua hii ni yako wewe fundi.

Huku ukigusia habari za kompyuta, watu watakutajia Konrad Zuse, na ni haki yake. Mwaka 1941, vita vimepamba moto, alikamilisha hapa Berlin mashine ya Z3, yenye rilei (swichi za umeme) zipatazo 2,000, iliyokuwa ikipiga hesabu yenyewe kwa kufuata programu. Programu hizo zilitobolewa kwenye mikanda ya filamu za sinema iliyokwisha kazi. Bomu likaiangamiza mwaka 1943. Iliyopo leo katika makumbusho ya Deutsches Museum kule München ni nakala iliyojengwa upya.

Lakini anayenigusa zaidi ni Ralph Baer. Alizaliwa 1922 Pirmasens, mji uliosifika kwa viwanda vya viatu, katika familia ya Kiyahudi. Manazi waliposhika nchi alifukuzwa shule, na mwaka 1938 familia ikakimbilia Marekani, muda mfupi kabla ya ule usiku wa Novemba ambao masinagogi yalichomwa moto. Kule New York akafanya kazi kiwandani, akajifunza ufundi redio kwa masomo ya posta, akawa anatengeneza redio za watu. Naam, Haji, fundi redio kama wewe! Mwaka 1966, akiwa mhandisi katika kampuni ya vifaa vya kijeshi, akajiuliza: televisheni zimejaa majumbani, mbona kazi yake ni kutazamwa tu? Swali hilo likazaa mashine ya Magnavox Odyssey, iliyoingia madukani mwaka 1972, gemu ya kwanza ya kuchomekwa kwenye TV ya nyumbani. Ungeifungua usingekuta kichakataji, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni transista na diodi tu, vitu unavyovishika kila siku. Basi mwambie Saidi kwamba gemu za nyumbani zilianzia Marekani, kwa mkono wa mtoto ambaye Ujerumani ilimwona hastahili hata kukaa darasani. Habari hii siwezi kuisimulia bila hasira.

Vita vilipokwisha nchi ikagawanyika. Ujerumani ya Magharibi nitaipita upesi, kwani Saidi anaijua bila kujua: Far Cry ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitengenezwa Ujerumani na Crytek, kampuni iliyoanzishwa Coburg na ndugu watatu wenye asili ya Kituruki.

Mimi nimependa zaidi ya Mashariki, wale wale waliochora ramani ya majumba yenu ya Michenzani, hapo Zanzibar. Kompyuta zao nyingi za KC 85 ziliundwa mji wa Mühlhausen, na chipu yake, U880, ilikuwa nakala ya chipu ya Z80 ya Wamarekani. Zilikuwa chache, shule na taasisi zikitangulizwa, na bei yake ilizidi mshahara wa miezi kadhaa. Sasa sikia hili: redio ilikuwa ikirusha programu za kompyuta hewani! Mtangazaji akishamaliza maelezo, inafuata milio mikali ya kukwaruza masikio, nawe unairekodi kwenye kaseti, kisha kinasa kaseti unakichomeka kwenye kompyuta. Redio ikikoroma katikati, programu imeharibika. Napenda sana kuwafikiria vijana wale, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, wakiomba mawimbi yatulie.

Ipo pia Poly-Play, mashine pekee ya gemu za sarafu iliyotengenezwa huko, katika mji ulioitwa Karl-Marx-Stadt, leo Chemnitz. Ni kabati refu, na kioo chake ni televisheni ya rangi ya kawaida. Ulilipa pfennig 50, yaani senti za huko, ukachagua mchezo. Makumbusho ya gemu ya hapa Berlin, katika barabara ya Karl-Marx-Allee, wanayo, na mgeni anaruhusiwa kuicheza. Upo mchezo wa sungura anayekimbizwa na mbwa mwitu, lakini ulioniteka ni ule wa bomba lililopasuka: maji yanadondoka, wewe unakimbia na ndoo kuyakinga kabla chumba cha chini hakijafurika. Picha ni za miraba mikubwa, sauti ni ya milio tu, na mkono hautaki kuachia. Nchi zilipoungana mashine nyingi ziliharibiwa, na hilo ni hasara kubwa kwangu, kwani zilizobaki ni za kuhesabu.

Bahati nzuri kuna programu ya MAME, ambayo inaiwezesha kompyuta ya kawaida kuendesha michezo ile. Nitakapokuja likizo nitamwekea Saidi programu hiyo kwenye ile kompyuta yenu. Nawe nitafutie kinasa kaseti kizima, nina milio ya KC nataka tuisikilize pamoja.

Nisalimie wote hapo barazani.

Nduguyo,
Makame