Soya imegeuka njano? Soma hapa kabla ya kusema tumekuuzia masizi

Ikifika Februari, duka letu hapa Songea hupata wageni wenye hasira. Msimu uliopita mzee mmoja aliingia na mche wa soya mkononi, mizizi mitupu. "Kijana, mmeniuzia masizi." Alimaanisha ile pakiti ya unga mweusi wenye bakteria, unaopakwa kwenye mbegu za soya kabla ya kupanda ili mizizi iote vinundu, yaani vijiuvimbe wanamoishi bakteria hao.

"Mzee wangu, mche huu umeung'oaje?"

Kauvuta. Vinundu vya soya hukatika kirahisi, ukivuta vinabaki ardhini. Tulifuatana hadi shambani, tukachimba kwa jembe pembeni ya shina, tukaosha udongo taratibu kwenye ndoo. Vinundu vilikuwepo, vimesongamana karibu na mzizi mkuu. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu. Wekundu huo ndio dalili kwamba bakteria wako kazini wakigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea, na mmea nao unawalipa sukari. Kingekuwa cheupe au kijani ndani, hapo angekuwa na haki ya kunifokea. Unjano wake ulitokana na maji yaliyotuama bondeni.

Lakini wengi wanaorudi kulalamika bakteria wamewaua wenyewe, tena kwa kutafuta nafuu. Ule unga mweusi una uhai. Chanjo ya kideri hakuna anayeibeba juani, ila pakiti ya soya inafungwa nyuma ya bodaboda saa saba mchana mpaka Namtumbo! Mwingine anachanganya mbegu jioni ili kesho awahi kupanda. Mwingine mbegu yake ina dawa ya ukungu, ile ya rangi, halafu juu yake anapaka bakteria. Mama mmoja alichanga pakiti moja na majirani wawili, kila mtu akapata vijiko vichache kwenye karatasi ya gazeti. Mbegu nyingi hazikuguswa kabisa. Baadaye wote watatu walirudi kununua urea kuokoa shamba, na gharama ya mfuko mmoja wa urea ingewanunulia pakiti za kutosha na chenji ikabaki.

Tunaambiwa pia kwamba pakiti hiyo sokoni ni pungufu kwa shilingi elfu moja. Sawa, lakini nenda ukaangalie imekaa wapi: chini ya bati, pembeni ya viuatilifu. Sisi tunalipia friji, umeme ukikatika tunawasha jenereta, na tarehe ikipita tunatupa, hatushushi bei. Hiyo elfu moja ndiyo hiyo.

Jinsi ya kupaka tunamwonyesha kila mnunuzi hapa hapa kaunta, hata akiwa na haraka. Kivulini, maji kidogo yenye sukari ili unga ushike, geuza mbegu taratibu usichubue ganda, mpaka kila punje iwe na weusi. Ziache zipunge hewa hapo hapo kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, na fukia mara moja. Kipimo fuata kilichoandikwa kwenye pakiti, si cha jirani.

Urea usiweke. Mmea ukipata naitrojeni ya bure kutoka kwenye mbolea hiyo hauna sababu ya kuwalisha bakteria, na vinundu vinakuwa vichache. Unachohitaji ni fosforasi: mbolea ya TSP, au ya Minjingu kwa udongo wenye tindikali, zote zina fosforasi. Hapa ndipo tunaambiwa tunataka kuuza vitu viwili, lakini bakteria hawatengenezi fosforasi.

Na pakiti ya soya si ya maharage. Mazao tofauti ya jamii ya kunde yanaweza kuhitaji bakteria tofauti. Kunde na karanga mara nyingi huwakuta bakteria wao tayari ardhini kwetu, ila soya asili yake ni Asia, kwa hiyo shamba ambalo halijawahi kulimwa soya mara nyingi halina wa kuipokea vizuri. Wapo wanaochota udongo wa shamba la zamani la soya na kuumwaga kwenye jipya. Unaweza kufanya kazi, sikatai, lakini unachota na magonjwa yaliyomo.

Ukiwa na mashaka, soya ikianza kutoa maua chimba miche michache sehemu tofauti za shamba, ilete na udongo wake ndani ya mfuko. Tutapasua vinundu mbele yako, bure. Pakiti iliyofunguliwa haturudishii fedha, na aliyeichanganya usiku wa jana asije kabisa.