Kopo lile usilifungue kwanza

Minneapolis, 3 Agosti

Mdogo wangu mpenzi Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Hongera tena kwa kujifungua salama. Ile picha ya mtoto nimeitazama hadi simu ikazima. Mwambie Mama pesa ya akika nimetuma Jumatano.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolitaja jana ukalipitisha upesi: kwamba maziwa hayatoshi, mtoto analia usiku kucha, na wifi yako amekuletea kopo la maziwa ya unga. Ukasema hujalifungua. Naomba likae hivyo hivyo hadi umalize kusoma.

Sijawahi kukueleza vizuri yaliyonipata kwa mwanangu Salim. Siku ya kutoka hospitali hapa nilipewa mkoba mzuri, ndani mna makopo mawili na chupa, vyote bure. Usiku wa tatu alilia, nikamchanganyia. Akanywa, akalala saa nne mfululizo, nami nikalala. Kesho yake nikampa mara mbili, kesho kutwa mara tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa, na kwamba kila alichokunywa kwenye chupa kilikuwa kinapunguza cha kesho kwangu. Wiki ya tano nilikamua nikapata cha kulowesha kitako cha kikombe tu. Nilikaa sakafuni bafuni nikalia. Makopo ya bure yalikuwa yamekwisha zamani. Tangu hapo tukawa tunanunua.

Bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyenifungua macho. Tarehe 4 Julai 1977, hapa hapa Minneapolis, watu walianza kuzisusia bidhaa za Nestlé kwa jinsi maziwa ya kopo yalivyokuwa yakiuzwa katika nchi maskini. Yeye alikuwa msichana, akaacha kununua kahawa yao. Enzi hizo kampuni za maziwa zilikuwa zikituma wanawake waliovalia sare kama za wauguzi, wakawashawishi wazazi na kugawa makopo. Mama akifika nyumbani, ziwa limekauka na kopo ni ghali. Anazidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe ya kisimani, kuni za kuchemshia hazitoshi. Mtoto anaharisha, anakonda, wengine wakafa. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuzuia biashara ya namna hiyo. Nchi 118 ziliunga mkono, moja tu ikapinga, nayo ni hii ninayoishi, Marekani. Aliponiambia hivyo niliukumbuka mkoba wangu, moyo ukaniuma. Kwetu Kenya kuna sheria ya 2012 inayokataza kampuni kuwagawia wazazi makopo ya bure, na nashukuru kwa hilo.

Sasa tuje kwako. Mtoto wa siku tisa kutaka ziwa kila baada ya muda mfupi, hasa usiku, ndivyo anavyoyaita maziwa yaje. Usipime kwa kilio, pima kwa nepi: akilowesha sita au zaidi kwa siku, anapata. Mlaze tumbo lake liguse lako, ngoja afungue mdomo wote, kisha ashike na ule weusi unaozunguka chuchu, si chuchu peke yake. Ukiumia, pitisha kidole pembeni mwa mdomo, mtoe, uanze upya. Kwa binti yangu Rehema nilianzia hapo, nikamnyonyesha miaka miwili kamili kama isemavyo Suratul Baqara.

Maji asipewe hadi miezi sita, wala maji ya sukari wala dawa ya chango, hata kwa joto hilo la Likoni. Maziwa yako yana maji yote anayoyahitaji. Najua Mama hatalipenda hili, maana sisi sote tulipewa. Mwambie kwa upole, na ukishindwa nipe simu niseme naye mimi.

Lakini mtoto akiwa mzito kuamka kunyonya, au akipata homa, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, usingoje. Na muuguzi akimpima akaona kweli anahitaji kuongezewa, msikilize. Wapo akina mama ambao kopo limewaokolea watoto. Ila mpe kwa kikombe kilichochemshwa, chupa ni ngumu kuisafisha ikatakata.

Kazini usiogope. Una miezi mitatu ya likizo yenye mshahara, na sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha akina mama wanaonyonyesha. Nitakufundisha kukamua kwa mkono, tutafanya kwa video.

Arubaini yako bado siku thelathini na moja. Usiinuke kufua. Waambie wakupikie uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na mtoto alale ubavuni pako mchana mkipumzika. Mkimpima Alhamisi, niandikie uzito kama ulivyo kwenye kadi, mpaka gramu ya mwisho.

Dada yako akupendaye,
Amina