Walichokula farasi wa vita

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Uliniuliza kwenye simu farasi wote wale wa Vita Kuu ya Kwanza walikula nini huko Ufaransa. Swali la mfugaji hilo. Wenzako huuliza habari za mizinga.

Sehemu kubwa ya chakula chao ilivushwa kwa meli. Kati ya 1914 na 1918 Uingereza ilipeleka Ufaransa zaidi ya tani milioni 5.4 za oti (nafaka wanayolishwa farasi) na nyasi kavu. Risasi na mabomu havikufika hata tani milioni 5.3! Vita ilipoanza jeshi lao lilikuwa na farasi kama 25,000. Kufikia 1917 farasi na nyumbu walipita 800,000, kila mmoja akitaka karibu kilo tisa kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Na kwenye mstari wa mbele malisho hayakuwepo, maana ardhi ilikwisha kuchimbuliwa na mizinga, imebaki tope.

Shida ya nyasi unaijua: uzito hazina, nafasi zinamaliza. Meli ingejaa haijabeba kitu cha maana. Basi zikashindiliwa kwa mashine za mvuke na kufungwa kwa waya, zikawa marobota magumu. Wanaume wengi walikuwa vitani, kwa hiyo kazi hiyo waliibeba wanawake wa Women's Forage Corps, kikosi cha wanawake cha kuandaa malisho ya jeshi la Uingereza. Walihama na mashine zao shamba hadi shamba, wakifunga marobota, wakikatakata nyasi, wakishona magunia. Mama angeelewana nao mara moja. Tena ilibidi wawe macho, kwa sababu nyasi zikifungwa na unyevu huvunda, joto hupanda humo ndani, na zinaweza kuwaka moto zenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki vita ileile ilikwenda vingine. Mbung'o waliwaangamiza farasi na nyumbu, hata wangeletewa oti za dunia nzima. Mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na chakula kibovu. Nikisoma jinsi kilo za farasi zilivyopimwa huku, roho inaniuma kwa ajili ya wapagazi hao.

Majani ya ng'ombe usiyarundike bandani kabla hayajakauka sawasawa. Nisalimie Mama na wadogo zangu wote.

Mwanao.