Mpira wa pembesita tupu haufungi

Mhariri salaam,

Mi mwalimu wa hesabu sekondari, naandika kuhusu ule mchoro wa mpira mliotoa ukurasa wa watoto, vipande vyote vimechorwa pembesita. Wanafunzi wangu wameukata wakaubandika ukutani ndo maana siwezi kunyamaza, mpira wa hivo hauwezi kuwepo.

Kata pembesita tatu za karatasi ngumu uziunganishe kwenye kona moja, kila moja ina digrii 120, jumla 360, zinalala chini kama vigae na hata uongeze mia utapata sakafu kubwa zaidi tu. Sasa toa moja uweke pembetano, yenyewe ni digrii 108, jumla 348, imepungua 12, ukilivuta lile pengo lifunge karatasi inanyanyuka yenyewe. Huo upungufu ndo mpindo! Ule mpira mweusi na mweupe wa Kombe la Dunia Mexico 1970 una kona 60 za namna hiyo, zidisha kwa 12 unapata 720. Chukua boksi la chaki, kona 8, kila moja imepungukiwa 90, 720 tena. Descartes, mwanahesabu wa Ufaransa, aliliona hilo karne ya 17, kwamba umbo lililofunga kama mpira au boksi upungufu wake wote ukijumlisha ni 720. Kwaiyo pembetano 12 za kwenye mpira sio urembo, bila hizo haufungi.

Na kuna upande wa pili ambao mi naupenda zaidi. Kutanisha pembesaba tatu, digrii zinapita 360, karatasi inajikunja kama marinda, mpindo unakua hasi. Chukulia maumbo hayo ni matundu ya wavu usio na mwisho, unautikisa. Kwenye wavu wa pembesita, kipande cha wavu kikizidi kua kikubwa ukingo wake unakua kidogo sana ukilinganisha na ndani, ndo maana unaweza kupata mtikisiko wa polepole kadri unavyotaka, karibu na sifuri kabisa. Wa pembesaba haukubali, kila kipande hata kiwe kikubwa vipi kina ukingo mwingi unaokivuta, kwaiyo kuna kiwango ambacho mtikisiko haushuki chini yake. Orodha ya mitikisiko hiyo ndo inaitwa spektra, yani umejumlisha digrii za kona tu na tayari umejua kama wavu utakubali mtikisiko wa polepole kabisa au hautakubali, jamani hesabu hii watoto wetu wanaiweza kwa mkasi na gundi.

Naomba mtoe mchoro mwingine ukurasa uleule, wenye pembetano 12 na pembesita 20, uwe umetandazwa ili watoto wakate na kukunja wenyewe. Kuchora nitachora mimi.

Mwalimu wa hesabu, Tanga