Barua kwa Mwanaidi: safari za chura wetu

Morogoro, Machi 2025

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Huku sote hatujambo, mvua zimeanza na mahindi nyuma ya nyumba yameota vizuri. Barua yako niliipata na nimeisoma mara nyingi. Unauliza kama ni kweli Wajapani wamemvika roboti ngozi hai, na mimi mwalimu wa baiolojia naonaje.

Ni kweli. Profesa Shoji Takeuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha mwaka 2022 kidole cha roboti kilichofunikwa ngozi iliyooteshwa kutokana na seli za binadamu. Kidole kikikunjwa, ngozi inakunjamana kama yetu. Waliikata kidogo, wakaibandika utando wa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, na kidonda kikaziba. Mwaka 2024 wakatoa uso mdogo unaotabasamu. Ila ngozi hiyo haina mishipa ya damu, kwa hiyo haiwezi kukaa hewani muda mrefu, hukauka ikafa.

Lakini kwa kuwa wewe ni mkunga, nataka nikusimulie habari za kiumbe kingine, ambacho kwangu kina uzito zaidi. Ni chura wa kusini mwa Afrika, yule bapa anayeishi majini, mwenye kucha kwenye miguu ya nyuma na asiye na ulimi. Wataalamu humwita Xenopus laevis. Wanafunzi wangu wanamwona kiumbe duni wa kwenye matope. Mimi sijui mnyama mwingine wa bara hili ambaye seli na mayai yake yamefikishwa mbali kama huyu.

Alianzia kwenye kazi yako. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Cape Town mwaka 1927, aligundua kuwa chura huyu akidungwa homoni fulani za mnyama mwingine hutaga mayai. Kutoka hapo kikaja kipimo cha mimba. Mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura jike. Kama mwanamke ana mimba, homoni ya kondo la nyuma iliyomo kwenye mkojo ilimfanya chura atage ndani ya saa chache. Kabla ya hapo walitumia panya na sungura, na ilibidi kuwaua na kuwapasua ili kuangalia ovari zao. Chura alipumzishwa, akatumika tena. Kwa hiyo hospitali za Ulaya na Marekani zikaagiza vyura kutoka Afrika kwa maelfu, mpaka miaka ya 1960 vilipoanza kuenea vipimo vya maabara visivyohitaji mnyama.

Maabara zikabaki nao, kwa sababu mayai yao ni makubwa na kiinitete chao hukua nje, unakiona kwa macho. Septemba 1992 vyura majike wakapelekwa anga za juu ndani ya chombo Endeavour. Mmoja wa walioshughulikia jaribio lile ni Dkt. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika huko, daktari ambaye alijifunza na Kiswahili. Mayai yalitagwa, yakarutubishwa, na viluwiluwi wakatoka. Mapafu yao hayakujaa hewa inavyotakiwa, maana huko hakuna juu wala chini, na kiluwiluwi hajui aende wapi kuvuta pumzi. Waliporudishwa duniani wakakua vizuri. Nikiwasimulia wanafunzi hili, darasa zima hunyamaza.

Sasa tuje kwenye roboti. Januari 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont na Chuo Kikuu cha Tufts, akiwemo Michael Levin na Josh Bongard, walitangaza kwamba wamechukua seli za kiinitete cha chura huyu huyu, za ngozi na za misuli ya moyo, wakaziunganisha kwa umbo lililobuniwa na kompyuta. Vikatokea viumbe vidogo, chini ya milimita moja, vinavyotembea vyenyewe majini. Ukivikata vinajiziba. Havili, vinatumia akiba ya chakula iliyomo kwenye seli, na baada ya siku kadhaa hufa. Hakuna jeni hata moja iliyobadilishwa. Mwaka uliofuata waliona jambo kubwa zaidi: vikiwekwa kati ya seli zilizotawanyika, vinazisukuma na kuzirundika, na baada ya siku chache rundo lile linakuwa kiumbe kingine kama vyenyewe, kinatembea.

Mwanaidi, hapo nilibaki nimeduwaa. Seli ambazo kwenye chura zingekuwa ngozi tu ya kukinga vijidudu, zikiachwa peke yake zinajipangia maisha mengine. Mwaka 2023 maabara hiyo hiyo ya Tufts ikafanya jambo la aina hiyo kwa seli za koromeo la hewa la binadamu mtu mzima. Vijiumbe vilivyotokea viliwekwa juu ya utando wa seli za neva uliokwaruzwa, na chini yake neva zikaota na kuunganisha pengo. Nafikiria wagonjwa wa uti wa mgongo, na natamani sana kazi hii isonge mbele.

Hofu yangu ni kuviita mashine, kana kwamba kitu hai hukaa pale unapokiweka. Chura wetu hakukaa. Wengine walitoroka, wengine waliachiliwa, na leo wanazaliana porini Chile, Ufaransa na California. Chura huyu pia anaweza kubeba ukungu, yaani aina ya kuvu, unaoua vyura wengine huku mwenyewe haugui. Biashara ya vyura duniani imechangia kuusambaza ukungu huo, na sisi hapa umetugusa.

Unamkumbuka yule chura mdogo wa dhahabu wa Kihansi? Alijulikana kwa wataalamu miaka ya 1990, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa, na hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Hatagi, huzaa watoto kamili, wadogo sana. Bwawa la umeme lilipochukua maji, manyunyu yakapungua, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza. Mwaka 2003 wakafa karibu wote kwa muda mfupi, na ukungu huo ukakutwa kwenye miili yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Bahati nzuri karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

Ndiyo maana habari za kupeleka vyombo kwenye sayari nyingine nazifuatilia kwa mashaka. Wapo waliojali: vyombo vya Marekani vya kutua vya Viking, kabla ya kupelekwa Mirihi, vilichomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 kwa saa 30 ili visibebe vijidudu. Chombo Cassini mwaka 2017 kiliangamizwa kwa makusudi ndani ya sayari ya Zohali, kisije kikaangukia miezi yake ambayo huenda ina mazingira ya uhai. Lakini mwaka 2019 chombo cha Israeli, Beresheet, kilianguka mwezini kikiwa na maelfu ya wanyama wadogo wa majini wenye miguu minane, wale wanaostahimili ukame na baridi kali, na dunia ikaja kuambiwa baadaye kwamba walikuwemo. Hawawezi kuzaliana kule, hakuna maji. Kwangu hilo halitoshi. Kabla ya kumwaga kitu hai mahali ambapo hakipo, watu wote wenye mbingu hiyo waulizwe kwanza, na sisi tumo.

Na ile ngozi ya Tokyo, niambie wewe unayefunga vidonda vya watoto waliomwagikiwa chai. Utando wa kolajeni unaoziba mkato kwenye kidole cha roboti, ungeupa nafasi wodini kwako? Niandikie kirefu, usijibu kwa simu. Mwezi ujao nitakuja Tanga kwa harusi ya Zuhura, nitakuletea mchele wa Ifakara.

Wako akupendaye,
Neema